Upanga, Jambia na Sime



Leo nataka tuzungumze juu ya maneno matatu ambayo Kiswahili huyatumia kuitia silaha fupi za kukatia: upanga, jambia na sime. Huenda mtu akasema, "Maneno hayo tunayajua tangu utoto, pana haja gani ya kuyazungumza?" Haja ipo, tena kubwa. Neno ni kama shahidi aliyesafiri mbali. Ukimwuliza kwa utaratibu, atakuambia alizaliwa wapi, alipita njia gani, na alikaa kwa nani. Na sisi wa Kigoma na Ujiji, tukaao penye mwisho wa njia kuu ya zamani itokayo Bagamoyo, yatupasa kuwauliza mashahidi wetu kuliko watu wengine.

Iko dhana iliyoenea kwamba kila neno kubwa la Kiswahili lililetwa na misafara, na kwamba kabla ya kuja wageni watu wa bara hawakuwa na kitu kikubwa cha kukiitia jina. Dhana hiyo, mtu akiisikia mara nyingi, humwingia moyoni hata akawadharau babu zake. Basi tuyapime maneno haya matatu, tuone yanashuhudia nini.

Tuanze na upanga. Neno hili si la Kiarabu, wala si la Kihindi, wala si la Kireno. Ni la Kibantu tangu shina hata kilele. Tutajuaje? Kwanza tutazame kichwa chake, yaani ile "u" ya mwanzo. "U" hiyo katika maneno mengi ya Kiswahili ilikuwa zamani "lu". Nyinyi mnaojua Kiha mnao ushahidi kinywani mwenu wenyewe: Mswahili asema "ulimi", na Muha asema "ururimi". Ndugu zetu Wabemba, walio kusini ya ziwa, husema "ululimi". Kiswahili kimeiacha herufi ya kwanza njiani, bali lugha nyingine za bara zimeihifadhi.

Sasa liangalieni neno lenyewe. Mbemba huuita upanga "ulupanga". Mchewa wa Malawi huuita "lupanga". Wasemao Kilingala, katika mto Kongo, husema "mopanga". Washona wa Zimbabwe huita kisu "banga". Hao wote wako mbalimbali; wengine hawakuonana na Mswahili mpaka juzi. Haiwezekani wote wawe wamelichukua neno hilo sokoni Ujiji au Bagamoyo. Wataalamu wa lugha za Kibantu, wakiyalinganisha maneno ya namna hii, huyahesabu kuwa urithi wa mababu, waliolitumia kabla watu hawajatawanyika kila mmoja na nchi yake. Basi neno upanga ni la zamani kuliko msafara wa kwanza uliofika katika ziwa hili.

Wala halikuwa jina tupu pasipo kitu. Katika nchi ya Ufipa, upande wa kusini mashariki wa Ziwa Tanganyika, wafua chuma walijenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kuliko mtu. Walilipanga jiwe la chuma pamoja na makaa, tabaka juu ya tabaka, wakatia moto, na hewa ikaingia yenyewe kwa matundu ya chini, kwa kuwa urefu wa tanuri huivuta kama bomba la moshi livutavyo. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Kazi hiyo iliendelea mpaka karne ya 20 ilipokuwa imekwisha anza, ndipo chuma rahisi cha madukani kikaishinda. Watu wenye kufua chuma chao wenyewe hawana haja ya kuazima jina la kitu kinachokata.

Sasa tuje kwa neno la pili, jambia. Hili ndilo la kigeni, na njia yake yaonekana wazi. Kwa Kiarabu "janb" ni ubavu, na "janbiya" ni kitu cha ubavuni, yaani kisu kipana, kifupi, kilichopindika, chenye makali kuwili, kinachochomekwa mshipini. Labda mwanafunzi atauliza, "Kama Waarabu huandika n, mbona sisi tunasema m?" Jibu analo kila mtoto aliyesoma chuoni. Mwalimu alipomfundisha kusoma Kurani alimwambia kwamba nuni yenye sukuni ikifuatwa na be, husomwa kama mimu. Kanuni hiyo huitwa iqlabu. Midomo hujifunga kwa ajili ya b kabla ulimi haujamaliza n, na sauti hugeuka m. Kwa sababu hiyo "minbar" kwetu ni mimbari, "anbar" ni ambari, na "janbiya" ni jambia. Hakuna aliyelikosea neno; limefuata tabia ya kinywa cha binadamu.

Lakini hapa pana jambo la kufikiri. Wengi wa Waarabu waliofanya biashara bara katika karne ya 19 asili yao ilikuwa Omani, na Mwomani kwao hakiiti kisu hicho "janbiya". Hukiita "khanjar". Khanjar ndiyo iliyomo katika alama ya taifa la Omani, na mwaka 2022 ufundi wake na desturi zake ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu. Neno "janbiya" ni la watu wa Yemeni na Hadhramauti, walio kusini mwa Arabuni. Basi ingawa watawala wa Unguja walikuwa Waomani, neno lililoenea kinywani mwa Waswahili ni lile la Yemeni. Hapo neno linatukumbusha kwamba pwani yetu haikuzungumza na Arabuni kwa mlango mmoja tu. Mabaharia, walimu wa dini na wachuuzi wa Hadhramauti nao walikuja na majahazi yao, wakakaa, wakaoa, na maneno yao yakakaa pamoja nao. Ukiandika historia kwa majina ya masultani peke yao, hutawaona watu hao. Ukiyasikiliza maneno, utawasikia.

Tena jina lenyewe lasema ubavu, lakini ukitazama picha za Masultani wa Unguja, au za watu wa Yemeni, utaona jambia imesimama mbele, katikati ya mshipi, juu ya tumbo. Maneno hufanya hivyo mara nyingi: hulibakiza jina, na desturi huenda njia yake.

Jambia pia inatuonyesha kwamba bahari ilikuwa na njia mbili. Neno lilitoka Arabuni likaja kwetu. Lakini mpini ulitoka kwetu ukaenda Arabuni. Katika Yemeni, mpini uliothaminiwa kuliko yote ni ule wa pembe ya kifaru, na pembe nyingi zilitoka Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970, fedha zilipozidi katika nchi za Kiarabu kwa ajili ya mafuta, wanaume wengi waliweza kununua jambia ya namna hiyo, na vifaru wetu wakauawa kwa wingi. Tangu mwaka 1977 biashara ya pembe hizo baina ya mataifa imekatazwa kwa mkataba. Lakini vifaru waliokwisha kufa hawakurudi, na katika mbuga nyingi walimokuwa wakionekana hawaonekani tena.

Sasa nawaomba mlinganishe maneno haya mawili. Kiarabu kinalo neno lake kwa upanga mrefu, nalo ni "saif". Kwa nini hatusemi katika maneno ya kila siku, "Nimenunua sefu"? Kwa sababu mahali hapo palikuwa na mwenyewe. Upanga ulikuwapo, na jina lake lilikuwapo. Neno "saif" lilipokuja halikupata nafasi ya kitu, likapata nafasi ya mtu: likawa jina la wanaume, Seif au Sefu. Tippu Tip, yule mfanya biashara mashuhuri, alikuwa na mtoto aliyeitwa Sefu, aliyekufa mwaka 1893 katika vita vya Kongo baina ya Waarabu na majeshi ya Wabelgiji. Katika Ujiji majina hayo ni ya kawaida, na wengi wenye kuitwa hivyo hawajui kwamba jina lao lina maana ya upanga. Bali kisu kilichopindika cha mshipini kilikuwa kitu kipya, na kwa kitu kipya tulipokea neno jipya. Ndivyo lugha yenye akili inavyofanya: huazima isichokuwa nacho, na kile ilicho nacho hukishika.

Neno la tatu ni sime. Sime ni upanga mfupi ulionyoka, wenye makali pande mbili. Karibu na mpini ni mwembamba, kisha hupanuka kwenda mbele, na baada ya hapo huchongoka penye ncha. Umbo hilo lina maana yake. Uzito umewekwa mbele, ili pigo liwe zito ingawa chuma ni kifupi. Ala yake ni ya mti iliyovikwa ngozi, na mara nyingi ngozi hiyo hutiwa rangi nyekundu. Waswahili hulitumia neno sime hasa kwa silaha ya Wamasai, Wakamba na Wakikuyu. Lakini wenyewe hawaiiti hivyo: Mmasai huiita "olalem", na Mkikuyu huiita "rũhiũ". Basi sime ni jina ambalo Mswahili amelitumia kukipambanua kitu cha jirani yake, ili asikichanganye na upanga wake mwenyewe wala na jambia ya mgeni. Maneno yote matatu yamo katika ile kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939, nayo yangalimo katika kamusi za siku hizi.

Nimesema kwamba maneno ni mashahidi. Shahidi wa kweli hasemi yale yatupendezayo tu. Hapa Ujiji yatupasa kumsikiliza mpaka mwisho.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha tangulia. Baadaye Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, alikuwa mkubwa wao hapa mpaka kufa kwake mwaka 1885. Bidhaa zilizopita bandarini zilikuwa nguo, shanga, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu, na watu. Watu walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wakafungwa, wakapelekwa pwani kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Katika nyakati hizo silaha mshipini haikuwa ya kupigania tu. Ilikuwa alama ya uungwana. Aliyevaa jambia yenye fedha alitambulikana kwa mbali kuwa mtu huru, mwenye mali na mwenye amri. Aliyefungwa hakuwa na kitu mshipini, wala mshipi hakuwa nao. Wazee wetu walisema kwamba mshika makali hawezi kushindana na mshika mpini, na hawakusema hivyo kwa mchezo. Sheria iliyouondoa utumwa kabisa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922 tu. Kwa hiyo tukilitaja neno jambia kwa furaha, kwa uzuri wa nakshi zake, tukumbuke pia ni nani aliyeivaa na ni nani aliyeiogopa.

Turudi sasa kwa upanga, maana habari yake haijaisha. Wanafunzi wajue tofauti hii vizuri. Mmoja ni upanga, na wengi ni panga: "upanga huu umenolewa, panga hizi zimenolewa." Lakini lipo neno jingine, panga, ambalo wingi wake ni mapanga: "panga hili limenolewa, mapanga haya yamenolewa." Hili la pili limefanywa kwa desturi ya Kiswahili ya kukikuza kitu kwa kukiondolea kichwa chake: kikapu huwa kapu, mfuko huwa fuko, na upanga huwa panga. Basi panga ni lile jisu kubwa la shambani, lenye ubapa mpana na makali upande mmoja, tunalotumia kufyekea majani, kuchanjia kuni, na hapa Kigoma kukatia makuti na mikungu ya michikichi kabla ya kukamua mawese.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Mtu akienda shamba la michikichi asubuhi, amechukua panga. Karani akiandika kwamba alichukua upanga, amemfanya mkulima kuwa askari kwa herufi moja. Mbele ya baraza au mahakama herufi hiyo yaweza kumtia mtu taabuni. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasione kwamba sarufi ni mchezo wa walimu.

Neno panga, baada ya kupata maana yake ya kazi, liliendelea na safari. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda upanga wa zamani huuita "inkota", na hilo ni neno lao wenyewe. Lakini jisu la shambani lililokuja kwa biashara walilipokea pamoja na jina lake, wakalivika kichwa cha lugha yao, likawa "umupanga". Basi neno la ukoo mmoja la Wabantu lilizunguka, likapita dukani, likarudi kwa ndugu zake limevaa nguo nyingine.

Laiti safari hiyo ingeishia shambani! Lakini mkoa huu wa Kigoma unajua yaliyofuata. Watu waliokimbia vita na mauaji ya Burundi mwaka 1972, na tena tangu 1993, walivuka mpaka wakaja kwetu. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya halaiki ya Watutsi katika Rwanda, na chombo kilichotumiwa vijijini na njiani kilikuwa mara nyingi ni panga, lile lile la kufyekea. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wengine kwa mitumbwi na boti kuvuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika nchi ya Kasulu. Kwa watu hao neno panga si neno la shamba. Wakilisikia, hukumbuka mambo ambayo mtu hapendi kuyasimulia.

Fikirini basi. Babu zetu walikuwa na upanga wa kupigania. Watoto wao wakautoa ile "u", wakapata chombo cha kulimia, na kwa muda mrefu ilionekana kana kwamba neno limestaafu vita. Kisha watu wakakigeuza chombo cha kulimia kuwa silaha tena, pasipo kubadili herufi hata moja. Chuma hakikuwa na hiari katika jambo hilo, wala neno halikuwa nayo. Hiari ilikuwa ya mkono. Sisi tuliowapokea majirani hao, tukawauzia dagaa na chumvi, na watoto wetu wakasoma pamoja na watoto wao, tunajua kwa nini maana ya amani yafaa kulindwa. Mtu wa Ujiji akimsikia kijana akisema kwa mzaha, "Nitakutolea panga," na amwonye. Mzaha huo mbele ya mwenye kukimbia mauaji si mzaha.

Kabla sijaagana nanyi, nataka kuwapa wanafunzi kazi ndogo. Nendeni kwa wazee wa Kiha, wa Kitongwe, wa Kiholoholo, wa Kibembe na wa Kifipa mlio nao karibu. Waulizeni majina ya kila chombo cha kukatia: kisu cha jikoni, kisu cha kuchinjia, kisu cha kupasulia samaki, mundu, na silaha za zamani kama wanazikumbuka. Ulizeni pia majina ya sehemu zake, kama sisi tunavyosema mpini, ubapa, makali, ncha na ala. Andikeni neno la umoja na la wingi, na jina la kijiji mlikolisikia, kisha yalinganisheni na Kiswahili. Mtakapoona neno lisilofanana na jingine lolote, msilitupe. Huenda hilo ndilo lenye habari ndefu zaidi.

Fanyeni kazi hiyo mapema. Mhunzi wa malungu hayupo tena kutuambia aliliitaje kila kifaa cha kazi yake, na wazee waliosikia majina hayo kwa baba zao wanazidi kupungua kila mwaka. Daftari moja la mwanafunzi, lililoandikwa kwa hati safi na kutunzwa shuleni, laweza kuwafaa wajukuu wetu kuliko jambia yenye fedha.